Panya wa wiki kumi na mgonjwa wa miaka sabini

Kumsababishia panya ugonjwa wa moyo ni kazi ya dakika chache. Unampa nusukaputi, unafungua kifua, unafunga ateri ya koronari ya kushoto, mshipa unaolisha moyo wenyewe damu, kwa uzi mwembamba. Papo hapo ukuta wa mbele wa moyo hupauka, na sehemu iliyopauka huacha kujikaza. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara nakumbuka kwamba mnyama huyu ni kijana, na asubuhi alikuwa mzima.

Mgonjwa anayeletwa usiku akihema, mapafu yamejaa maji, ni mtu mwingine kabisa. Ana miaka 70, presha ya siku nyingi, kisukari, figo zimechoka, na mfuko wa vidonge mkononi.

Kisa cha dawa iitwayo serelaksini kinaniuma hadi leo. Mwaka 1926 Mmarekani Frederick Hisaw aliwadunga simbilisi majike wasio na mimba seramu (maji ya damu) ya wanyama wenye mimba, kano ya kinena ikalegea. Homoni iliyofanya kazi hiyo ikaja kuitwa relaksini. Miongo mingi baadaye, panya waliopewa homoni hiyo wakapata damu nyingi zaidi kwenye figo, na mishipa yao ikatanuka. Moyo unaposhindwa ghafla, mara nyingi mishipa hubana na figo hukosa damu ya kutosha. Serelaksini, yaani relaksini iliyotengenezwa maabara, ilionekana imepata ugonjwa wake.

Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya wagonjwa 1,161 waliowekewa dripu kwa saa 48: waliopata dawa walipumua vizuri zaidi, na vifo ndani ya siku 180 vilikuwa vichache. Tukashangilia. Kisha likaja jaribio la wagonjwa zaidi ya 6,500. Waliokufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa walikuwa asilimia 8.7 kwenye dawa, na 8.9 kwenye dripu isiyo na dawa.

Siwalaumu waliochunguza panya. Waliuliza kuhusu mishipa, wakajibiwa kuhusu mishipa. Sisi ndio tuliotaka jibu hilo litufikishe kwenye uhai wa miezi 6.

Siku hizi nikipokea ripoti ya dawa mpya, grafu za presha ya ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma damu, nazisoma mwisho. Kwanza natafuta umri wa wanyama, hali ya figo zao, kama walipewa furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, kama wanavyopewa wagonjwa wetu, na walifuatiliwa kwa muda gani baada ya dripu kutolewa.