Kesi Ndogo Haichemshi Kompyuta, na Maji Hayali Joto

Juzi saa nne usiku simu imelia, ujumbe wa sauti. Kabla sijaufungua nilishajua. "Fundi, hiki kikompyuta chako kimefika digrii 90. Nilisema mapema mimi, kesi ndogo lazima ichemke. Tuweke kipozaji cha maji tu, tumalize." Huyu ni wa nne mwaka huu, na wote wanaongea kama waliokaririshwa darasa moja. Nimechoka kujibu mmojammoja. Naandika mara moja hapa, na atakayefuata nitamtumia ukurasa huu, hata salamu sitaweka.

Kesi ninayoisema ni boksi la kompyuta. Kama umekuja kutafuta wakili, pole.

Nusu ya ugomvi huu naulaumu Kiswahili chetu. Tuna neno moja, joto, na tumelitwika mizigo miwili. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina digrii 90: joto. Chumba kimegeuka bekari kwa sababu mashine inarenda video (inakokotoa na kutoa video iliyokamilika) tangu asubuhi: joto. Vitabuni lipo "halijoto", ila ukiacha mtangazaji wa hali ya hewa, nani analitamka? Basi mtu akiona 90 kwenye skrini anaamini ameona kiasi cha moto unaotoka kwenye mashine. Hajakiona. Alichokiona ni taabu ambayo moto huo unapata kutoka. Moto wenyewe unahesabiwa kwa wati. Ncha ya kijiti cha udi ina mamia ya digrii, lakini jaribu kuichemshia chai uone utakunywa lini.

Sasa chukua mashine ya huyu wa juzi, maana niliijenga mwenyewe. Prosesa ni Ryzen 9 7900, imeandikwa wati 65 lakini kikomo halisi cha umeme inaoruhusiwa kula ni 88. Kadi ya michoro ni RTX 4070 Ti Super, wati 285. Ongeza mazabodi (bodi kuu), memori, diski na feni, tuseme 400 ikikimbizwa kwelikweli. Kompyuta haibebi zege wala haivuti mkokoteni, kwa hiyo wati zote hizo mwisho wake ni joto ndani ya chumba. Ziweke kwenye kesi ya lita 10 au kwenye kabati la nguo, ni 400 zilezile.

"Lakini hewa haitoshi humo ndani!" Haya, tuhesabu. Ukitaka hewa inayotoka izidi inayoingia kwa digrii 10 tu, wati 400 zinadai kama lita 33 za hewa kila sekunde. Yaani kesi ya lita 10, ambayo imeshajaa vyuma, ibadilishe hewa yake yote zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Inatisha kuisoma. Lakini feni moja nzuri ya milimita 120, mfano NF-A12x25 ya Noctua, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika bila kizuizi inasukuma mita za ujazo 102 kwa saa, ambazo ni lita 28 kwa sekunde. Mbele ya wavu na mapezi ya hitisinki (chuma cha kipozaji kinachonyonya joto) itapungua sana, sikatai. Ila weka feni mbili, na kadi ina feni zake tatu, hesabu inafunga. Hewa ipo.

Kinachoua kesi ndogo ni hewa iliyokwishatumika kurudi ndani. Hapa naomba tukae, kwa sababu ndipo watu wanaposhindwa na ndipo ninapokasirika.

Kwenye kesi kubwa, hewa ya moto ina mahali pa kupotelea. Ukipanga feni ovyo inakusamehe. Kwenye kesi ndogo, hasa hizi za mtindo wa sandwichi ambazo mazabodi na kadi zinapeana migongo na ukuta mwembamba katikati, kila kitu kinapumua karibu na mdomo wa mwenzake. Kosa la milimita 10 linaonekana kwenye namba.

Mfano. Mashine hii ina kipozaji cha Thermalright AXP90-X47, kimo milimita 47. Kesi inaruhusu 60. Maana yake kati ya feni ya kipozaji na paneli ya pembeni yenye matundu palibaki milimita 13 za uwazi. Wengi wangesema afadhali, inapata nafasi ya kuvuta. Nafasi ya kuvuta nini? Hewa ni mvivu kama sisi, inapita penye urahisi. Kupita kwenye matundu ya paneli ni kazi, kuzunguka kutoka pembeni mwa hitisinki ni rahisi, kwa hiyo feni inavuta hewa ileile iliyoitema nusu sekunde iliyopita. Nikawasha kijiti cha udi, nikakisogeza karibu na paneli huku prosesa inakimbizwa. Moshi ulipaswa kunyonywa moja kwa moja. Katikati ulinyonywa, pembezoni ukasitasita, na kwenye kona moja ulikuwa unasukumwa nje kabisa, kwenye paneli ileile inayovuta!

Dawa yake sikuinunua Kariakoo. Nilichukua kipande cha mkeka wa sponji wa watoto, ule wa kuunganishwa kama chemshabongo, nikakata pete inayozunguka feni na kugusa paneli. Basi. Feni ikalazimika kuvuta hewa ya chumbani peke yake. Kwa kazi ileile, prosesa ikashuka kutoka 89 hadi 82. Digrii saba kwa sponji. Nimeona watu wakinunua feni ya bei mbaya wapate mbili.

Tena hawa wanaosoma majaribio ya Ulaya na kuja nayo hapa kama kitabu cha dini. Kule chumba cha majaribio kina digrii 21 au 22. Dar mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, mezani pana 32. Kipozaji hakipozi kuelekea sifuri, kinapoza kuelekea hewa inayoingia. Hewa ikiwa moto zaidi kwa 10, prosesa nayo inapanda takriban 10 hizohizo. Ukisoma kwamba fulani alipata 75, jiulize kwanza alikuwa amekaa wapi.

Tuje kwenye maji.

Kuna dhana kwamba maji yana ubaridi wa asili, yakiingia kwenye kompyuta yanaumeza moto kama yanavyozima mkaa. Hayaumezi. Maji ni daladala. Yanapakia joto kwenye prosesa, yanashusha kwenye rejeta, na pale kwenye rejeta kazi inarudi kwa nani? Kwa feni na hewa ileile. Faida yake ya kweli ni kwamba rejeta unaweza kuiweka mbali na prosesa, ikiwa na eneo kubwa la mapezi. Ya pili ni kuchelewa: maji yanachukua muda kupasha, kwa hiyo dakika kumi za kwanza unaringa. Baada ya hapo hesabu inakukuta.

Ndani ya kesi ya sandwichi, rejeta inakaa juu. Na nani anapumulia juu? Kadi, na wati zake 285. Ukipanga feni za rejeta zitoe hewa nje, unampoza mwenye wati 88 kwa pumzi ya mwenye 285. Ukizigeuza zivute kutoka nje, prosesa inafurahi na kadi inapikwa. Nimejaribu pande zote mbili kwenye kesi tatu tofauti na nitasema ukweli ambao kwenye vitabu hauandikwi: sijawahi kubashiri kwa uhakika upande upi utashinda. Nafunga hivi, napima, nageuza, napima tena. Mara mbili nilichodhani ni wazi kilikuwa uongo. Na ukiamua kuweka, pampu isiwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, hewa itakusanyika humo ianze kukoroma. Nimeshasema, sirudii.

Mwaka jana mteja mmoja, mhariri wa video, alikataa katakata kunisikia. Ana Ryzen 9 7950X, ilikuwa inasimama kwenye 95 na kipozaji cha hewa. Akataka maji. Nikamwekea, pesa ni yake. Tukawasha, tukaipa video ya kurenda. Namba? 95. Akanitazama kana kwamba nimemwibia.

Hakuibiwa. Familia hiyo ya prosesa, iliyotoka mwaka 2022, imetengenezwa ipande yenyewe mpaka igonge kikomo chochote kinachotangulia, cha digrii 95 au cha umeme, ambacho kwa 7950X ni wati 230. Zamani iligonga 95 ikiwa inakula kama wati 150. Tulipoiwekea kipozaji bora, ikaona kumbe kuna nafasi, ikaongeza wati, ikakimbia kidogo zaidi, ikagonga 95 tena. Kwa hiyo kipozaji cha maji kilichonunuliwa ili kupunguza joto kilifanya chumba kiwe cha moto zaidi. Soma tena sentensi hiyo kama hukuielewa, kwa sababu huyo bwana mpaka leo hajaielewa. Kazi ya saa nzima ilipungua dakika chache. Kiyoyozi ndicho kilichojua.

Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinaondoa kama wati 2,600. Mashine ya wati 500 inajilia karibu moja ya tano ya uwezo huo peke yake, bado hujaingia wewe, jua la saa tisa na wageni.

Ukitaka kupunguza joto kwa maana zote mbili za neno, punguza wati. Ni bure. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), weka kikomo. Ile 7950X niliibana hadi 142, ikashuka kwenye themanini na kitu, na mwenyewe asingegundua kwa macho kama si kumwonyesha saa ya ukutani. Kadi ya huyu wa juzi niliibana kutoka 285 hadi 220. Video iliyokuwa inamaliza kwa dakika 41 ikamaliza kwa 43. Dakika mbili kwa wati 65! Kiwandani wanasukuma kila kitu mpaka ukingoni kwa sababu grafu za kulinganisha zinauza. Asilimia za mwisho za kasi ndizo zinazokula umeme kupita zote, kama gari linalolazimishwa kutoka 140 kwenda 160.

Je, 95 inaharibu prosesa? AMD wenyewe, wanaotengeneza Ryzen, wanasema imeundwa kufanya kazi hapo. Naamini wanajua chao. Bado mimi nazishusha, na nikibanwa nieleze kisayansi sina hoja nzito: feni zinapiga kelele kidogo, hitisinki inajaa vumbi la mjini taratibu, na napenda kubakiza akiba ya miezi ambayo mteja hatasafisha. Wengine waniite mwoga.

Pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa na kipozaji, nayo ina waumini wake. Niliwahi kufungua na kufunga kipozaji kilekile mara tatu, kwa pesti ileile, nikapata majibu yanayopishana digrii tatu. Mkono wangu tu huo. Sasa mtu akinionyesha jaribio ambalo pesti fulani imeshinda kwa digrii moja na nusu, namwitikia kwa heshima na kuendelea kunywa chai.

Turudi kwa bwana wa digrii 90. Asubuhi nilimfuata nyumbani. Mashine ilipotoka kwangu ilikuwa na 82 mezani, sponji na vikomo vyote vikiwa mahali pake. Nikaikuta imeingizwa ndani ya kabati la televisheni, mgongo umebanwa ukutani, mlango wa kioo umefungwa. Nikawasha udi. Moshi ulitoka juu ya kesi, ukagonga dari ya kabati, ukateremka kwa adabu na kuingia pembeni, palepale kwenye pete yangu ya sponji. Hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa na digrii 41 kwenye kipimajoto changu. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kabati. Baada ya dakika kumi ikasoma 81.

"Kumbe," akasema. Kisha: "Lakini nikiweka ya maji, si naweza kuirudisha ndani?"

Sikujibu. Anasema aliifungia kwa ajili ya vumbi, na kwenye vumbi nampa haki yake, nimemkatia wavu wa kuchuja nikaubandika kwa sumaku. Mlango wa kabati nimeung'oa bawaba nikauegemeza nyuma ya friji. Mkikutana naye mwambieni fundi kasema ukae hukohuko.