Je, wajua kwa nini ukuta wa kale hutema rangi mpya?

Pita nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, utaukuta ugonjwa uleule: rangi imevimba malengelenge, sakafuni pana unga mweupe, na madoa ya kahawia yamepanda hadi usawa wa kiuno. Mwenye nyumba atakuapia kwamba amepaka juzi tu, kabla ya masika.

Unga ule si kuvu, ni chumvi. Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine nene kufika nusu mita na zaidi, nazo hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Maji hupanda na chumvi yake. Yakifika usoni mwa ukuta huyeyukia hewani, chumvi ikabaki na kuganda chembe chembe ndani ya vitundu vya plasta. Chembe hizo hukua, zikasukuma, na rangi ikabanduka.

Plasta ya chokaa huyaacha maji yatoke. Saruji huyaziba, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, ndiyo maana doa lililokuwa gotini likahamia kiunoni. Gonga plasta ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole: ikivuma kama ngoma, imeshaachana na jiwe.

Kwa hiyo fundi anayekuja na debe la rangi kabla hajaupapasa ukuta, mimi simwamini. Kwanza yatafutwe maji yanakotoka. Huenda mfereji wa bati umetoboka, bomba linavuja, au mtaa umejazwa kifusi mwaka hadi mwaka mpaka sakafu yako ikawa bondeni. Kama una shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne kwa seloteipu, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, ukuta ndio unaolia. Yakiwa upande wa chumba, ni jasho la hewa tu, fungua madirisha.

Kisha bandua plasta mpaka kwenye jiwe, ukilipita doa kwa futi mbili hivi. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu na kuzolewa. Hapa ndipo wengi huharibu: huosha ukuta, maji yakaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani.

Halafu subiri. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, maana yake ukuta wa nusu mita unataka miezi 20 hivi! Hakuna mpangaji atakayekuvumilia, najua. Lakini kiangazi kimoja ukiwa wazi unaweza kuupa, na plasta ya chokaa itauacha uendelee kukauka ukiwa umevaa.

Changanya chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Mchanga wa pwani usiuguse, utairudisha kwa toroli ileile chumvi uliyoifagia. Piga matabaka membamba, sentimita 1 hivi kila moja, na uyakinge jua kwa magunia mabichi, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kabonidayoksaidi ya hewani. Ikikauka upesi hupasuka.

Juu yake paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne. Rangi ya mafuta waachie milango.