Mbwa Akitokwa Damu Puani, Tazama Kupe Kabla ya Kumtazama Jirani

Mzee mmoja wa Kiloleni, hapa Tabora mjini, alifika maabara yetu ya mifugo akisukuma mkokoteni wa kubebea maji, ndani yake kamlaza mbwa. Mbwa alikuwa mbavu zinahesabika, ufizi mweupe, damu inamdondoka tundu moja la pua. Mzee hakuja kutafuta matibabu. Alitaka karatasi. "Niandikie tu, mwanangu, kwamba huyu kalishwa sumu, nikaipeleke kwa mtendaji." Mtuhumiwa alikwisha kupatikana: jirani, ambaye mwaka juzi walikosana kwa sababu ya kuku.

Nikageuza sikio la mbwa. Kupe walikuwa wamejazana humo kama punje za ulezi.

Kesi za namna hii si chache, kwa hiyo nianze na sumu. Sumu ambayo wezi huichanganya kwenye nyama mara nyingi ni dawa ya wadudu ya mashambani. Mbwa aliyeila hutokwa na udenda, hutetemeka, hukakamaa, na mara nyingi hapambazukiwi. Ipo pia sumu ya panya inayozuia damu kuganda, na hiyo kweli yaweza kumtoa mbwa damu puani. Lakini nayo ni mambo ya siku chache. Haimkondeshi mnyama kwa miezi miwili kabla ya kumuua. Mbwa aliyepungua mwili kwanza, akawa mvivu wa kubweka, akala leo na kesho akasusa, kisha ndipo damu ikamtoka, huyo ana habari ndefu zaidi ya kipande cha nyama kilichotupwa juu ya ukuta.

Ugonjwa wenyewe hauna jina la Kiswahili lililozoeleka, na nadhani hiyo ni nusu ya shida. Mfugaji wa Igunga au Nzega atakutajia magonjwa ya kupe wa ng'ombe bila kusita: ndigana kali, ndigana baridi, maji moyo, kukojoa damu. Kwa mbwa ana jina moja tu, kichaa, na ukishamchanja kichaa anaona kamaliza. Sisi huuita erlikiosi. Bakteria wake anaitwa Ehrlichia canis, na ni ndugu wa karibu wa yule anayeleta maji moyo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ndigana baridi nayo ina ndugu upande wa mbwa, Anaplasma platys, anayeshambulia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha. Kupe mmoja aweza kumwachia mbwa bakteria wote wawili.

Ehrlichia huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani wale askari wenyewe wa mwili, akazaliana humo na kusafiri nao. Wiki moja mpaka tatu baada ya kuumwa na kupe, mbwa hupata homa, hukosa hamu ya kula, tezi huvimba, macho hutoa tongotongo. Hali hiyo huchukua wiki mbili hadi nne. Halafu hupona.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotegwa. Mbwa anakula, analinda, anazaa, na kipimo cha macho hakioni kitu. Wapo wanaofanikiwa kumfukuza bakteria huyo wenyewe. Kwa wengine anabaki mwilini, kimya, miezi na hata miaka, kisha uboho wa mifupa unaanza kushindwa kutengeneza damu. Chembe nyekundu zinapungua, ndiyo maana ufizi unakuwa mweupe. Chembe sahani zinapungua, ndiyo maana pua inatoka damu na tumboni panaonekana madoa ya damu chini ya ngozi. Kwa wakati huo mwenye mbwa ameshasahau ile homa ya mwaka jana. Anamkumbuka jirani.

Si ugonjwa mgeni duniani. Ulitambuliwa mwaka 1935 nchini Algeria, kwa mbwa waliokuwa na kupe wengi. Wakati wa vita vya Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, uliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, wengi wao wa aina ya German shepherd. Aina hiyo huumia kuliko nyingine, na ninalisema hili kwa makusudi kwa sababu sasa hivi hapa mjini kila anayejenga ukuta anataka "mbwa wa kizungu" kutoka Dar es Salaam. Mbwa wa kienyeji naye huugua na hufa, lakini yule wa bei kubwa huanguka haraka zaidi.

Swali ninaloulizwa kila mara: "Mbwa wangu haendi machungani, kupe kawatoa wapi?" Kwako, nyumbani. Kupe anayehusika zaidi ni kupe wa kahawia wa mbwa, na tabia yake si kama ya kupe wa ng'ombe anayesubiri kwenye majani. Huyu anapenda kukaa karibu na watu. Hula kwa mbwa mara tatu katika maisha yake, akiwa mtoto, akiwa kijana, na akiwa mkubwa, na kila akishiba hudondoka, hutembea, na kupanda juu kutafuta ufa. Ufa wa tofali lisilopigwa lipu. Nyuma ya fremu ya mlango. Kwenye mbao za banda, chini ya gunia analolalia mbwa. Jike aliyeshiba hutaga hata mayai 4,000 kwenye ufa huo. Mtoto wa kupe hazaliwi na ugonjwa. Huuokota anapomnyonya mbwa mwenye bakteria, kisha huubeba mpaka ukubwani na kumwambukiza mbwa mwingine, ndani ya saa chache tu baada ya kumng'ang'ania. Kwa hiyo mbwa anayefungwa mahali pamoja mwaka mzima yuko hatarini pengine kuliko anayezurura sokoni. Na kwa kuwa kupe huyu anaishi ndani, hasubiri mvua za Novemba kama wenzake wa porini.

Ndiyo maana kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi. Kupe unaowaona juu yake ni sehemu ndogo ya ukoo; waliobaki wako ukutani. Choma magunia ya zamani, ziba nyufa, pulizia dawa ya kupe bandani na kwenye kuta zinazolizunguka, halafu rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa ya kwanza. Mtoe mbwa wakati wa kupulizia, na vyombo vya kuku pia. (Kuku hudonoa kupe, ni kweli, na wazee walijua. Lakini kuku hafiki kwenye ufa ulio juu ukutani, chini ya paa.) Dawa ya josho msimpimie mbwa kwa kukisia: vipimo vya ng'ombe vimeshaua mbwa ambao kupe wenyewe hawakuwaua.

Kupe mmojammoja hutolewa kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu, moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma akiwa bado ameshika. Na tuache ule mchezo wa kumpasua kwa kucha. Kupe huyu wa mbwa aweza kubeba bakteria mwingine, Rickettsia conorii, anayewapata watu: homa, kichwa kuuma, vipele, na mahali alipouma pakawa na kidonda chenye gamba jeusi. Umepima malaria mara mbili haipo na nyumbani kuna mbwa mwenye kupe? Mwambie daktari habari ya kupe, maana hatakuuliza. Wapo wanaochanganya hili na homa ya papasi. Papasi ni mwingine, yule wa sakafu za udongo anayeuma usiku na kurudi kujificha, na homa yake haitoki kwa mbwa.

Tiba ipo, na si ya bei ya kutisha: doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kwa siku, kwa siku 28, baada ya chakula na maji ya kutosha kwa sababu huunguza koo. Ugumu uko kwenye hizo 28. Mbwa aliyewahiwa huanza kuchangamka siku ya pili au ya tatu, na hapo nusu ya vidonge vinarudishwa kabatini. Miezi inapita, tunaonana tena, safari hii kwa mkokoteni. Uboho ukishaharibika, dawa ileile haimrudishi. Mbwa wa Kiloleni tulimwanzishia. Alikufa siku ya nne. Chanjo haipo, na mbwa aliyepona huweza kuambukizwa upya.

Kitu kimoja cha huku kwetu. Kama unatoka Urambo, Kaliua, Sikonge au upande wa misitu ya kuelekea Kigoma, na mbwa hufuatana nawe kurina asali, kuna mbung'o. Nagana ya mbwa, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, nayo huleta homa, kukonda na ufizi mweupe, lakini mara nyingi jicho hupata ukungu mweupe na uso huvimba. Vilevile kuna babesia, ugonjwa mwingine wa kupe ambao si wa bakteria: mkojo huwa wa rangi ya chai nzito na macho manjano. Hayo mawili doksisaiklini haiyatibu, na sindano zake hazitibu erlikiosi. Kumchoma mbwa kila sindano iliyopo dukani kwa matumaini kwamba mojawapo itapata si tiba. Nimeona mbwa akidungwa tatu kwa siku moja.

Kwa hiyo tunaomba damu kwanza. Tone kutoka ncha ya sikio kwenye kioo hutuonyesha tripanosoma, yaani kimelea cha nagana, au babesia, na mara chache tunamwona Ehrlichia mwenyewe. Asipoonekana, haina maana hayupo, tunahesabu chembe na kuangalia kiasi cha damu. Mlete asubuhi kabla jua halijawa kali, mfunge mdomo kwa kitambaa, na usimdunge chochote njiani. Kama kuna dawa alishapewa, njoo na pakiti yake hata kama ni tupu. Na kama nyumbani wapo mbwa wengine, waleteni wote, hata yule anayeonekana mzima.