Gari inadunda nyuma ukiondoka? Siyo shokapu hiyo

Wiki hii tena kaja bwana mmoja na pikapu, hata salamu hatujamaliza, "fundi nibadilishie shokapu za nyuma, nikiondoka kwa nguvu inadunda dududududu mpaka kioo kinatetemeka." Nachungulia chini, shokapu mpya, stika bado ipo! Kumbe hiyo ni seti ya tatu. Jamani.

Kwa hiyo hii ya shokapu niiseme mpaka mwisho maana nimeichoka. Ukikanyaga mafuta propela (ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi) inazungusha difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, difu inasukuma tairi, na kama tairi imeshika chini vizuri basi gamba la difu lenyewe linataka kuzunguka kinyume, pua yake, pale propela inapoingilia, inapanda juu. Gari ya koili ina mikono ya kuizuia ile pua, ya springi pati, zile pati za chuma bapa zilizopangwa juu ya nyingine, haina, springi yenyewe ndo inabeba mzigo, ndo inashika ekseli, ndo inazuia kila kitu. Ikizidiwa inajikunja kama herufi S, inakunjwa inakunjwa alafu tairi linateleza, nguvu inaachia, springi inafyatuka kurudi, tairi linashika tena, mchezo unaanza upya, na yote hayo mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hiyo ndo dududu yako. Sasa niambie shokapu imeanzisha nini hapo?

Iliyokufa inazidisha, sikatai. Ila inatuliza tu mtikisiko ambao springi imeshauanzisha. Mafundi wengine ndo wanachekesha zaidi, wanakuta shokapu moja iko mbele ya ekseli na nyingine nyuma wanasema "huyu aliyefunga alikosea" wanataka kuzilinganisha. Ziacheni hivyo hivyo! Zimepishanishwa makusudi, ekseli ikitaka kuzunguka moja inabanwa nyingine inavutwa. Chevrolet Camaro ya 1967 ilitoka na shokapu zote mbili upande mmoja wa ekseli, ikasumbua kwa kudunda, ya 1968 wakazipishanisha.

Yule bwana wa seti tatu alikuwa na nini? Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zimelegea na bushi, ile mpira ya ndani ya jicho la mbele la springi, imeisha, chuma kinagonga chuma. Basi. Mimi kila anayefungua springi kwangu namwambia arudi baada ya kilomita 500 tukaze yubolti upya, hawarudi.

Ukitaka kuhakikisha, weka magogo imara mbele ya tairi za mbele, hendibreki usivute maana inashika ekseli ile ile unayoipima na pua haitapanda, mtu aweke gia ya kwanza aachie klachi kidogo sana, wewe simama PEMBENI utazame pua ya difu. Ikipanda sana, ndo hapo. Usilale chini ya gari, nisije nikasikia nimekufundisha mimi.

Mengine ninayoambiwa na watu, haraka haraka.

"Bloki haina madhara, inanyanyua tu." Bloki, kile kipande kinachowekwa kati ya springi na ekseli kunyanyua gari, inaisogeza ekseli mbali na springi, ni sawa na kurefusha mpini wa spana, springi inapindwa kirahisi zaidi. Na waliopanga mbili juu ya nyingine au wakaweka ya mbao, sina maneno.

"Ongeza pati." Kuongeza kunasaidia ila gari bila mzigo itakurusha kama punda. Kinachotakiwa kuwa kigumu ni nusu ya mbele ya springi, kuanzia jicho la mbele mpaka ekseli, hiyo ndo inazuia pua isipande. Chrysler walishaijua zamani, springi zao za magari ya mashindano nusu ya mbele ilikuwa fupi na ngumu, ya nyuma laini. Kwa hiyo vile vibano vya kushika pati pamoja, vya mbele hakikisha vipo na vimebana.

"Weka mifuko ya mchanga." Tairi itashika zaidi, springi itapindwa zaidi. Umetatua nini?

"Jaza upepo." Hapana, tairi ngumu inadunda yenyewe.

Kama vyote hivyo ni vizima na bado inadunda, ndo tunafunga bomba la kuzuia difu isizunguke, kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye chesesi. Ila upande wa chesesi lazima liwe na shakoli, kiungo cha kucheza, maana springi ikilala ekseli inasogea kidogo mbele na nyuma. Juzi nimeona moja limechomelewa kotekote, chesesi imeshapata ufa.