Je, wajua kwa nini usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, huoshwa kwa kostiki kabla ya kuingia kwenye plastiki?

Vunja kipande cha plastiki iliyochanganywa na usumba mbichi, kisha tazama pale kilipovunjikia. Utaona nyuzi zimechomoza nzimanzima, na kwenye kipande cha pili zimeacha vitundu vitupu. Hazikukatika, zimechomoka tu. Plastiki ilikuwa imezizunguka bila kuzishika.

Chanzo ni maji. Selulosi, dutu inayojenga nyuzi za mmea, ina vikundi vya haidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoungana) vinavyonasa unyevu hata wa hewani. Polipropilini, plastiki ya ndoo na viti, haipatani na maji kabisa. Isitoshe, plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Usumba ukiingia humo na unyevu wake, maji hugeuka mvuke na kuacha mapovu.

Kwa hiyo usumba hulowekwa kwanza kwenye maji yenye kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, mara nyingi kwa kiasi cha asilimia 5. Kisha husuuzwa vizuri na kukaushwa. Kostiki huondoa nta, mafuta ya asili na sehemu ya lignini, dutu inayoufanya mmea kuwa mgumu. Kinachonivutia zaidi ni kile kinachoonekana kwa hadubini: uzi wa usumba una vivimbe vidogo vya mviringo vilivyojipanga juu yake, na baada ya kuoshwa vingi hubanduka, pakabaki vishimo. Plastiki ya moto huingia humo, na ikipoa inang'ang'ania. Ukivunja kipande safari hii, nyuzi nyingi hukatika palepale pamoja na plastiki.

Kipimo kina maana, kwani kostiki ikizidi hula selulosi yenyewe na uzi hulegea.

Akina mama wa pwani ya Unguja wana njia yao ya tangu zamani. Hufukia makumbi kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa, yakilainika huyaponda, wakatoa usumba na kusokota kamba. Huko bakteria ndio hula kile kilichogandisha nyuzi; kostiki husafisha kwa saa chache.

Viwanda huongeza pia polipropilini iliyopandikizwa kemikali iitwayo maleiki anhidridi, asilimia chache tu. Hufanya kama sabuni kwenye sahani yenye mafuta: upande mmoja hushika mmea, mwingine huungana na plastiki.

Tusidanganyane, bidhaa hii haiozi kama kumbi. Polipropilini iliyomo inabaki palepale. Faida yake ni kwamba sehemu ya plastiki ya petroli imepunguzwa, na makumbi ambayo yangechomwa au kutupwa yamepata kazi. Na popote bidhaa inapokatwa, ncha za nyuzi hubaki wazi na kunyonya maji polepole. Ndiyo maana plastiki za nyuzi za mimea utazikuta zaidi ndani ya milango ya magari kuliko kwenye matangi ya maji.