Maji ya moto na friza: Erasto Mpemba alisema nini hasa?

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, "Mtanzania alithibitisha". Sivyo hasa.

Mtanzania huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto. Wake uliganda kabla ya ule uliopoozwa kwanza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wa shule, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto hutangulia kuganda. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakumdharau, alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe (kwangu mimi, huo ndio ualimu), na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja.

Lakini hakuna aliyethibitisha kuwa hutokea kila mara. Inapotokea, huenda ni kwa sababu chombo cha moto huyeyusha theluji ya friza iliyo chini yake, kikagusana vizuri zaidi na ubaridi. Pia maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache ya kuganda. Tena maji huweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kwa hiyo mshindi hutegemea bahati pia. Mwaka 2016, Burridge na Linden wa Uingereza walipima muda wa kufika nyuzi 0 tu, si kuganda, na hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hutangulia. Kusogeza kipimajoto kwa sentimita 1 kulitosha kuleta matokeo ya uongo.

Kwa hiyo ukitaka barafu leo jioni, tumia maji ya bomba tu.