Sato na papa: wote samaki, ila kila mmoja ana vita vyake na maji

Hapa kitengoni kuna swali halichoki kurudi, hasa wakija watoto wa shule: hivi ukimtoa papa baharini ukamtumbukiza ziwani ataishi? Na sato ukimpeleka baharini je? Wakishaambiwa kwa kawaida wote watakufa wanaridhika wanaanza kuondoka, mimi huwa nawazuia kidogo maana utamu wenyewe uko kwenye kwanini.

Tuanze na sato, wengine mnamwita ngege. Damu yake ina chumvi kuliko maji anayoishi, na maji siku zote hukimbilia penye chumvi nyingi, kwahiyo usiku na mchana yanamwingia kupitia mashavu (yale matamvua anayopumulia), yaani anajaa bila kunywa. Dawa yake ni kukojoa. Anakojoa sana, mkojo mwepesi karibu na maji matupu, na kwa vile unaondoka na chumvi kidogo kidogo, kwenye mashavu ana seli maalum za kunyonya chumvi nyingine kutoka ziwani. Ukimtupa ghafla baharini, penye kama gramu 35 za chumvi kwa lita, mambo yanageuka, sasa maji yanamtoka yeye, anakauka akiwa ndani ya maji! Wapo ndugu zake wanaoweza kuzoeshwa polepole, ila ghafla hapana.

Papa sasa, na nazungumzia wale wakubwa kama papa mweupe anayefika mita 6. Kina changu na jodari wanakunywa maji ya bahari halafu chumvi wanaitoa, nyingi kupitia mashavu. Papa hakushika njia hiyo. Yeye anatunza urea, ileile taka tunayoitoa sisi kwenye mkojo, anaiacha kwenye damu na nyama mpaka mwili wake unakolea kuizidi bahari kidogo, basi maji hayamtoki. Urea nyingi kiasi hicho inaharibu protini, kwahiyo ana kemikali nyingine ya kuzilinda, na chumvi inayozidi inatolewa na tezi ndogo iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Ile harufu inayochoma pua papa akikaa bila barafu ndio hiyo urea, bakteria wameigeuza amonia. Watu wanadhani alikuwa mchafu, sio kweli kabisa.

Kwenye kuelea pia hawafanani. Pasua sato, chini ya uti wa mgongo utakuta kifuko chembamba kinachong'aa kimejaa hewa, ndicho kinachomwezesha kutulia palepale bila kuzama. Papa hana. Ana ini lililojaa mafuta, kwa baadhi yao linafika robo ya uzito wa mwili, na badala ya mifupa ana gegedu, nyepesi kama hiyo ya sikio lako, na bado papa mweupe akiacha kuogelea anazama.

Kuzaa ndio huwa naumia nikieleza. Sato jike anatunza mayai kwa mamia mdomoni na baada ya wiki chache anaweza kutaga tena. Papa mweupe jike anakaa miongo kadhaa kabla ya kubeba mimba, na mimba yenyewe inafika mwaka kwa watoto wachache tu, halafu tunamvua kana kwamba anazaliana kama dagaa. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha papa na taa (wale samaki bapa, ndugu zake papa) wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970.

Na lile swali la ziwani, mwili uliokolea hivyo ungejaa maji kupita kiasi, ila yupo papa mmoja anayewashinda wenzake, papa wa Zambezi. Akipanda mtoni anapunguza urea mwilini, ile tezi ya chumvi inapunguza kazi, figo zinaanza kumwaga mkojo mwingi mwepesi kama za sato. Mwaka 1937 wavuvi walimnasa mmoja Alton, Illinois, kwenye mto Mississippi huko Marekani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini.